Siku Nilipomkabidhi Neema Bila Baraza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani ingawa nywele zangu sasa zimeanza kuwa nyeupe. Ilikuwa Jumamosi. Nilimshika mkono mdogo wangu wa mwisho, nikabeba mfuko wake wa nguo, tukapanda tramu mbili kutoka mtaa wetu wa Koekelberg hadi Uccle, upande wa pili wa jiji la Brussels, nikamwacha mlangoni kwa watu wengine. Nilirudi nyumbani nikijisifu kwamba nimefanya kazi ya baba. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu huyo hakukawia. Alinifikia katika muda wa wiki moja.

Nakuandikia hasa wewe uliyezaliwa wa kwanza, uliyebaki na wadogo kabla hujajua hata kunyoa ndevu zako vizuri. Nakujua. Nilikuwa wewe.

Baba yangu alifia barabarani, akirudi Bukavu kutoka machimboni. Mama akamfuata mwaka wa tatu kwa ugonjwa ambao hatukuupatia jina. Mimi nilikuwa darasa la pili la sekondari. Nilifunga madaftari yangu kwa kamba, nikampa mtoto wa jirani, nikaanza kubeba mizigo sokoni. Nilikuwa na Bahati, aliyenifuata, na Riziki, msichana, na Neema ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Vita ilipotusukuma, tulikimbia wote wanne, na baada ya njia ndefu ambayo leo si habari yake, tulifika Brussels tukapewa hifadhi. Sikumwacha hata mmoja njiani. Hilo nilikuwa nalijua, na wallahi lilinilevya. Mtu aliyevusha watoto watatu mito na mipaka huanza kudhani kwamba mdomo wake ndio sheria.

Nyumbani kwetu nilikuwa na methali moja niliyoitumia kama fimbo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bahati akitaka kubadilisha shule, guu. Riziki akitaka kwenda kuimba na kwaya ya vijana, guu. Walikuwa wamechoka na guu hilo, lakini hawakusema. Kwetu Kivu mkubwa akishakaa kwenye kiti cha baba, mdogo hamwulizi amekipataje.

Kazi niliipata Woluwe-Saint-Lambert, katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Nilikuwa dobi, chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha. Kila nguo ilikuwa na namba iliyoshonwa, na jioni niliipanga kwenye toroli kwa vyumba. Hapo ndipo nilipokutana na mama aliyenifundisha jambo ninalotaka kukufundisha leo.

Alishuka kwa lifti mwenyewe, na fimbo yake, jambo ambalo wazee wa nyumba ile hawakulifanya kamwe. Mkononi alikuwa na blanketi zito la sufu, la rangi ya udongo mwekundu, lenye mistari myembamba.

"Wewe ndiye unayefua?" akaniuliza kwa Kifaransa.

"Ndiyo, Maman."

"Hili halitaingia kwenye mashine yako. Wala halitapewa namba. Utalifua kwa mkono, kwa maji baridi, na mimi nitakaa hapa nikuone."

Nikaguna kwa Kiswahili, chinichini, kwamba wazee wa hapa wana mambo. Yule mama akatua fimbo. "Wazee wa hapa wana mambo, na masikio wanayo pia," akanijibu kwa Kiswahili kisafi, kile cha Tanzania. "Niliishi Morogoro miaka minane, kijana. Lete beseni."

Nilitamani sakafu ipasuke. Yeye akacheka mpaka akakaa juu ya kikapu cha mashuka.

Jina lake lilikuwa Mathabo, yaani mama yake Thabo, kama sisi tunavyoita mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa Mosotho, mtu wa Lesotho. Mume wake alikuwa Mbelgiji, fundi wa mabomba ya maji, aliyemwoa huko milimani, akampeleka Morogoro, kisha akamleta hapa, akafa akamwacha. Mimi sikuwa nimewahi kusikia nchi hiyo. Akachukua chaki yangu ya kuwekea alama madoa, akachora duara kubwa sakafuni, na ndani yake akachora duara dogo.

"Hili kubwa ni Afrika Kusini. Hili dogo ni sisi. Ukitoka kwetu upande wowote, unaingia kwa jirani yule yule. Hatuna bahari, hatuna jirani wa pili. Sasa niambie, kwa nini hatujamezwa?"

Akaniambia nitajua nikishajua kusuuza sufu.

Tangu siku hiyo alikuwa akishuka kila Alhamisi mchana. Mimi nakunja mashuka, yeye anasimulia. Niliacha shule mapema, mwanangu, lakini historia nilisomea pale, juu ya vikapu vya nguo chafu. Alinieleza jinsi mfalme wao wa kwanza alivyowakusanya watu waliotawanywa na njaa na vita, akawapandisha juu ya mlima mmoja wenye kilele bapa, Thaba Bosiu, na jinsi adui baada ya adui alivyoshindwa kuupanda mlima huo. Alinieleza jinsi Makaburu walivyokuja na magari ya ng'ombe wakiomba malisho ya msimu mmoja, kisha wakakaa. Mabonde mazuri ya ngano na mtama ng'ambo ya mto Mohokare yakaenda, kipande kwa kipande, na vita, na mashamba yakichomwa moto kabla ya mavuno.

"Na blanketi?" nilimuuliza siku moja. "Ni vazi la mababu?"

"Mababu walivaa ngozi. Blanketi lililetwa na wachuuzi wa Kizungu, limefumwa Uingereza. Sisi tukalichukua, tukaamua mistari itasimama namna gani mwilini, tukalifanya letu. Si kila cha mgeni ni sumu. Inategemea ni nani anayeamua mistari isimame vipi."

Nilicheka, nikaendelea kukunja. Sikujua kwamba nimeambiwa mimi.

Sasa wasikie hao watu wa Uccle. Katika parokia tulikokuwa tukisali walikuwepo Monsieur Armand na mke wake, Madame Solange. Monsieur alifanya kazi ya kilimo Kivu tangu zamani za Wabelgiji, kwenye mashamba ya kahawa, na mpaka siku zile alisema Kiswahili kile cha kuamuru: leta, peleka, fanya mbio. Lakini alikuwa mtu wa moyo, nisimsingizie. Madame alikuwa laini kama pamba. Walimpenda Neema tangu misa ya kwanza. Alikuwa na miaka minane, msemaji, mwenye pengo la meno ya mbele. Walianza kumchukua Jumapili moja, kisha mbili. Akarudi na viatu, akarudi na vitabu, akarudi anajua kucheza wimbo mfupi kwa piano kwa vidole viwili.

Halafu wakaniita. Madame akanimiminia kahawa, akasema: "Mtuachie Neema. Tuna chumba, tuna bustani, shule nzuri iko kwa miguu. Wewe unafanya kazi tangu asubuhi, maskini. Huyu mtoto ataharibika mbele ya televisheni." Kulikuwa na karatasi ya kupeleka commune, ofisi ya mtaa: Neema angeandikishwa anwani ya Uccle, na wao ndio wangemsemea shuleni na kwa daktari. Sahihi yangu ilitakiwa Jumanne ya wiki ya pili. Lakini mtoto anaweza kuja hata Jumamosi hii, azoee.

Nilifikiri kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Nikakubali.

Usinielewe vibaya. Nilichoka. Nyumba yetu ya Koekelberg ilikuwa vyumba viwili, ukuta wa upande mmoja unavuja, Riziki na Neema kitanda kimoja. Niliona mtoto wa mama yangu kwenye chumba chenye pazia la maua, nikasema Mungu amejibu. Wala sikumwuliza mtu. Ijumaa nilimwambia Neema apange nguo zake. Akaniuliza, "Kaka, ni ya siku ngapi?" Nikamjibu kwamba watoto wazuri hawaulizi. Bahati alikuwa mlangoni. Alinitazama, akavaa koti, akatoka. Riziki aliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alhamisi iliyofuata nilimpa Maman Mathabo habari hiyo kama mtu anayeonyesha cheti. Nilidhani atanipongeza. Yeye akauliza swali moja.

"Uliita baraza?"

"Baraza gani, Maman?"

"La nyumba yako. Wadogo zako walisema nini?"

"Wao ni watoto. Mimi ndiye mkubwa. Asiyesikia la mkuu..."

"Naijua hiyo, waliniimbia sana Morogoro," akanikatiza. "Na mkuu asiyesikia la mdogo, yeye huvunjika nini?"

Akaniambia nizime mashine. Katika miaka yote niliyofanya kazi pale ndiyo mara pekee niliyozima mashine katikati ya mzunguko, na mkuu wangu aliniandikia onyo kwa hilo. Sijutii.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Mfalme wetu alipozidiwa na Makaburu, aliomba hifadhi kwa malkia wa Waingereza. Alikuwa mzee, watu wake wanakula mizizi. Kwetu husimuliwa kwamba alijifananisha na chawa ndani ya blanketi la malkia. Watu hucheka. Lakini fikiri: chawa anakaa ndani ya blanketi, anapata joto, na bado si mali ya mwenye blanketi. Hakuomba kufanywa Mwingereza. Aliomba nchi yake ifunikwe, watu wake wabaki watu wake, machifu waendelee kuamua kesi kwa desturi. Aliandika barua miaka mingi. Alibembeleza, akangoja, akabembeleza tena. Walipokubali, mabonde ya ng'ambo ya mto yalikuwa yamekwisha kwenda, na hayakurudi. Hiyo ndiyo bei. Lakini kilichobaki kilibaki. Basi mimi sikuambii usiombe hifadhi. Bila hifadhi ile, mimi nisingekuwa na nchi ya kukuchorea sakafuni."

"Basi nimefanya kama mfalme," nikasema.

"Ngoja. Mfalme akafa. Na mwaka tu baada ya kifo chake, watu wa malkia wakatuchukua, sisi na ng'ombe wetu na mlima wetu, wakatukabidhi kwa serikali ya wazungu wa Rasi, kule Cape. Hawakutuuliza. Waliona ni nafuu kwao. Umeelewa? Uliyemwomba hifadhi ni mmoja. Unayeamka naye asubuhi ni mwingine."

Nilisema kwamba Monsieur na Madame si watu wa namna hiyo. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwitikia mgonjwa.

"Hao wa Cape wakaja na sheria: bunduki zote zirudishwe. Vijana wetu walikuwa wamekwenda kuchimba almasi, miezi na miezi ndani ya mashimo, na kila mmoja alirudi na bunduki yake. Ilikuwa jasho lake, na ilikuwa ndiyo alama kwamba sasa ni mwanamume mwenye kauli. Likaitwa baraza kubwa. Sisi tunaliita pitso. Kwenye pitso, kijana, hata mtu wa mwisho husimama akamwambia chifu kwamba amekosea, na haruhusiwi mtu kumtia hatiani kwa alilosema pale. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine, wakakataa. Wazungu wa Cape waliwasikia, na hawakuwasikiliza. Vita ikaja."

Alikuwa akiongea bila kupandisha sauti, kama anayesoma orodha.

"Baba wa babu yangu alikuwa mtoto wa kwanza. Wazazi walikwisha kufa. Alikuwa na wadogo wawili, na nyumbani mwake bunduki tatu. Aliogopa kuwazika. Basi siku moja wadogo wakiwa malishoni, alizifunga zote tatu, yake na zao, akazipeleka kwa hakimu. Alitafuta amani, hakuwa mtu mbaya. Wadogo waliporudi wakakuta ukuta mtupu."

"Wakafanya nini?"

"Mkubwa alidhani watapiga kelele. Hawakupiga. Walichukua farasi wakaenda kupigana kwa bunduki za kuazima. Na sisi tulishinda vita ile, unajua? Wale wa Cape walishindwa milimani, mwishowe wakachoka nasi, tukarudi chini ya malkia mwenyewe, na bunduki mikononi. Lakini mkubwa aliitwa mtii wa wazungu. Majirani walimchukulia ng'ombe. Akahamia ng'ambo ya korongo. Vijiji viwili, vinaonana moshi, na ndugu hawakusalimiana mpaka wakazikwa. Mimi nimekulia kwenye kijiji cha yule mkubwa. Tulikuwa tukisikia ngoma za harusi za ndugu zetu, hatuendi. Kwetu tunasema, morena ke morena ka batho. Chifu ni chifu kwa sababu ya watu. Ukiwaondoa watu, amebaki mzee mmoja juu ya jiwe."

Akanyanyuka. "Bunduki zilikuwa za wadogo. Na Neema, maisha yake ni ya nani?"

Ningependa kukuambia kwamba nilikimbia papo hapo kwenda Uccle. Sikukimbia. Kiburi ni kama doa la divai. Ukilimwagia maji ya moto, ndio kwanza linashika. Nilikasirika siku mbili. Nilijiambia kwamba bibi wa watu ana historia zake na mimi nina shida zangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jumamosi nilikwenda Uccle kumwona mtoto. Neema alikuwa bustanini na mbwa. Alinikumbatia, kisha akarudi nyuma akasimama wima, akanisalimia kwa Kifaransa kama mgeni. Ndani, Madame alikuwa na furaha. Alinieleza, akinikatia keki, kwamba mambo yamepangika vizuri kuliko walivyotarajia: nyumba hii imekuwa kubwa kwao, wanaiuza, wanahamia Liège karibu na binti yao. "Na binti yetu ana wawili wa umri wa Neema. Atakaa kwake, si kwetu wazee. Atakuwa na wenzake!"

"Liège," nikasema.

"Ni saa moja tu kwa treni, bon, na kidogo."

"Mliamua lini?"

Akashangaa. Hakuwa ameficha kitu. Ilikuwa haijamjia tu akilini kwamba kulikuwa na mtu wa kuuliza. Na kwa nini imjie? Mimi mwenyewe, mwenye damu, sikuwa nimeuliza mtu.

Mwanangu, keki ile sikuimeza. Niliona korongo. Niliona Neema wa miaka ishirini akipanda treni moja na Riziki, wasijuane.

Kesho yake, baada ya misa, niliwaweka Bahati na Riziki mezani. Kupitia dirishani lilionekana kuba la basilika, na nililikazia macho ili nisiwatazame wao. Nikawaambia kwamba nimekosa. Nikawaambia habari ya Liège. Kisha nikasema: "Leo kila mtu aseme analotaka. Hakuna guu la kuvunjika. Mimi nitajibu wa mwisho."

Hawakuamini. Hatimaye Bahati, ambaye alikuwa na miaka kumi na saba, alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa cha miaka mingi.

"Ulimupeleka mutoto kama vile sanduku. Hata sanduku, mutu anauliza: ya nani hii? Siku mama alikuwa anakufa, aliniita na mimi pia. Weye ulikuwa sokoni. Aliniambia: mubakie pamoja. Donc, hiyo maneno haiko yako peke yako. Nasi tulikuwa na mama."

Sikuwa nimewahi kujua hilo. Miaka sita alikuwa nalo, na hakuna siku niliyompa nafasi ya kulisema.

Riziki akaongeza, taratibu, akichora meza kwa kidole: "Mimi niko nalala mubaya tangu Jumamosi ile. Kitanda imekuwa kubwa. Na kaka, unasemaka unafanya juu yetu, kwa ajili yetu. Bon. Lakini juu yetu, bila sisi, inakuwa juu ya nani?"

Nilitaka kujitetea. Maneno yalikuwa mdomoni: ni nani aliyebeba magunia, ni nani aliyewavusha. Nikayameza. Hakuna anayetiwa hatiani kwa alilosema barazani. Nikauliza tu, "Sasa tufanye nini?"

"Mwenyewe bado hajasema," Bahati akajibu. "Iko mutu mumoja hayuko hapa."

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulikwenda Uccle wote watatu, siku ile ile, bila kualikwa. Monsieur Armand alifungua mlango, akatuhesabu kwa macho, akatukaribisha. Nilimweleza kwamba sitatia sahihi Jumanne, na kwamba tumekuja kumsikia Neema.

"Ana miaka nane," Monsieur akasema. "Mutoto hajue anachotaka."

"Hata mimi nilifikiri hivyo, Monsieur. Tumsikie kwanza, halafu tutajua."

Neema alikaa ukingoni mwa kiti kikubwa, miguu haifiki chini. Alitutazama mmoja mmoja, kuona kama kuna atakayekasirika.

"Napenda chumba," akaanza. "Napenda na mbwa, sana. Piano pia." Madame akatabasamu. "Lakini hapa nikiamka asubuhi hakuna mutu wa kugombana naye. Wote wako wazuri tu. Nataka kulala kwetu. Mercredi, Jumatano, tukitoka shule saa sita, nakuja hapa, nacheza piano, nakula keki, Kaka anakuja kunichukua." Akafikiri, akaongeza: "Na wakienda Liège, nitaenda kwa vacances, shule ikifungwa. Nitarudi. Waandike kwamba nitarudi."

Bahati alicheka kwanza. Kisha Madame akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Nami nilimhurumia, maana alimpenda mtoto, na kosa la mlango lilikuwa langu niliyeufungua bila kuuliza wenye nyumba. Monsieur alikasirika. Alisema maneno kuhusu watu wasiojua shukrani, akatoka kwenda bustanini. Tulipanda tramu na mfuko wa nguo katikati yetu, na Neema na Riziki walianza kugombania dirisha kabla hatujafika kituo cha pili.

Monsieur hakunisalimia kanisani mpaka Pasaka. Hiyo ndiyo bei, nililipa. Lakini Madame alipiga simu baada ya wiki tatu, akauliza kama Jumatano bado ipo. Ilikuwepo. Iliendelea kuwepo mpaka walipohama, na likizo za Liège zikafuata, na kila mara mtoto alirudi.

Sikudanganyi kwamba yote yalikwenda sawa. Shule aliyosoma Neema haikuwa nzuri kama ile ya Uccle, na mwaka mmoja alirudia darasa. Nililala nikihesabu kama nimemnyima. Nilipomwuliza akiwa mtu mzima, aliniambia, "Kaka, mwaka ule nilirudia juu ya uvivu, usijipe cheo." Leo ni mkunga. Bahati hunipinga mpaka sasa, katika kila jambo, na sifanyi uamuzi mkubwa kabla hajanipinga. Maman Mathabo alifariki miaka miwili baada ya Jumapili ile. Mwanawe Thabo alikuja kumchukua, akazikwa kwao. Alipouliza ni nani alikuwa akiongea na mama yake kila Alhamisi, wauguzi walimwelekeza chini kwa dobi.

Basi neno langu kwako ni hili, mwanangu uliyebaki na wadogo. Utahitaji msaada, uuombe bila haya. Aliye peke yake na mzigo mzito si shujaa, ni mtu atakayeanguka. Lakini kabla ya kuomba, kaa na wa nyumbani mwako, hata yule ambaye miguu yake haifiki chini, uwasikie mpaka mwisho, na usimlipize mtu kwa aliyosema. Mwambie anayekusaidia wazi ni kipi unachompa na ni kipi kitakachobaki chako. Akikabidhi kilicho chako kwa mwingine bila kukuuliza, simama useme hapana, hata kama kahawa yake ilikuwa tamu. Na ukigundua umekosea, rudi siku hiyo hiyo, usingoje kiburi kipoe, maana kiburi hakipoi chenyewe. Kiti cha mkubwa si cha kuamulia wengine. Ni cha kuhakikisha kila mmoja amepata zamu ya kusema.

Mungu wa yatima akutazame. Akupe mgongo wa kubeba na sikio la kusikia, na kama itabidi kimoja kizidi, kizidi sikio. Wadogo zako wakue wakupinge bila kukuogopa, na wakiitana uzeeni kwenye karamu yako, asikosekane hata mmoja wao. Amina.